"Imehakikishwa": Nani Aliyehakikisha?



Leo tunataka kusema juu ya neno moja tu: kuhakikisha. Katika shule yetu neno hili linafanya kazi ya maneno sita ao saba, na linachoka. Tena linaumiza watu.

Sisi wa darasa la sita tunajitayarisha kwa disertasyo ya Ekzame ya Serikali. Mwalimu wa Kifaransa alituandikia ubaoni: prouver, démontrer, confirmer, attester, étayer. Akauliza kwa Kiswahili tunasema namna gani. Darasa zima likajibu: kuhakikisha! Kwa yote matano. Sawa vile mtu mwenye panga moja, analima nalo, anapasua kuni nalo, ananyolea ndevu nalo.

Lakini Kiswahili si maskini. Ndani ya kushuhudia mna shahidi: huwezi kushuhudia jambo ulilosikia bombani wakati wa kuteka maji. Ndani ya kuonyesha mna kuona: weka kitu mbele ya macho yetu. Kuthibitisha ni kukaza jambo lililokwisha kusemwa, yaani mtu mwingine anapita njia yake mwenyewe na anafika pale pale. Na kuhakikisha ni kufika kwenye hakika, pasipo na shaka tena. Ni mbali, pale!

Lile étayer ndilo tunalipenda zaidi. Kila mtu hapa ameona mgomba wenye mkungu mzito, umeinama, na mwenye shamba anausimamishia mti wenye panda ili usianguke. Kazi hiyo ni kutegemeza. Mti ule unasaidia sana, lakini hauzai ndizi. Vivyo hivyo, jambo linalotegemeza maneno yako halijayafanya kuwa kweli bado.

Wa hesabu wanajua. Ukipima pembe za triangle tatu na kila mara unapata digri 180, umeonyesha kwa triangle tatu basi. Ya nne je? Lakini ukichora juu ya ncha mstari ulio sambamba na mstari wa chini, na kueleza kwa nini pembe zinalingana, umemaliza kwa triangle zote, hata zile zisizochorwa bado. Démontrer njo hiyo.

Na hapa kwetu Kongo tuna mfano mkubwa. Mwaka 1976, kule Yambuku katika Equateur, ugonjwa ulianza kuua watu upesi. Wengine walisema tifo, wengine homa ya manjano. Hawakuwa wajinga: homa ilikuwako, damu ilikuwako, kila mmoja alikuwa na mti wa kutegemeza mgomba wake. Daktari Muyembe alifika, akachukua damu za wagonjwa. Damu ya mgonjwa mmoja ilipelekwa Antwerpen katika Ubelgiji, na kwa mikroskopi yenye nguvu wakaona virusi vilivyofanana na vya Marburg. Kufanana! Wangeweza kuandika "imehakikishwa" na kwenda kulala. Lakini kazi iliendelea mpaka Atlanta, Marekani, na ikaonekana kwamba si Marburg, ni virusi vipya. Vikapewa jina la mto Ebola. Watu 318 waliugua, 280 wakafa. Kama wangeshika lile neno la kwanza tu, wangepigana na adui asiyekuwako.

Sasa turudi bwenini. Unga ulipotea stoo, wote tunajua. Ripoti iliyobandikwa, ambayo haikupita mikononi mwetu sisi makapita, inaanza hivi: "Imehakikishwa kwamba" mtoto mmoja wa darasa la pili aliuiba. Tumeisoma mara tatu. Ndani mna nini? Mwanafunzi mmoja alimwona akipita nyuma ya jiko magharibi. Mwingine alisikia wenzake wakisema: "Banasema njo yeye." Basi. Nyuma ya jiko ndiyo njia yetu sote ya kwenda bombani! Huyo wa kwanza ameshuhudia kupita, hakushuhudia kuiba. Wa pili hakushuhudia kitu. Na sheria ya Musa, katika Kumbukumbu la Torati sura ya 19, haikubali shahidi mmoja peke yake, hata aliyeona kweli.

Wengine watasema tunabishana juu ya maneno wakati unga umekwisha kuliwa. Wengine wametuambia kwamba kapita akiandika "inadhaniwa", hakuna atakayemwogopa. Pengine. Lakini mtoto yule yuko kwao majuma matatu sasa, na aliyemfukuza ni neno moja lililoandikwa mahali pa lingine. Hatusemi kwamba hakuiba. Hatujui, na ripoti haijui pia.

Kwa hiyo tunamwomba Bwana Perefe na baraza la nidhamu ripoti ile isomwe tena. Aliyeona aitwe, aseme saa ngapi na aliona nini mikononi mwa mwenzake. Na mtoto mwenyewe aitwe asikilizwe, maana mpaka leo hakuna aliyemwuliza. Akifika mbele ya Jumatatu ataweza kufanya enterogasyo ya hesabu pamoja na wengine. Wenzake wa darasa la pili wamekwisha kumwandikia masomo yote aliyokosa, na daftari ziko kwetu.