Mbona nzumari inaachwa getini?

Niseme mapema: posti hii inaweza kunikosesha kazi. Mimi napiga video za harusi kuanzia Diani mpaka Msambweni, na hawa nitakaowasema ndio wanaonilisha. Lakini kuna kitu nilikiona mwezi uliopita kikanikwama kooni. Nikinyamaza nitasongwa.

Harusi ilikuwa ya binamu yangu. Nikaha ilifungwa asubuhi msikitini Msambweni, kimya, kwa heshima zake. Jioni sherehe ikahamia hoteli moja ya ufuoni Diani. Viti vyeupe, mchanga umefagiliwa, na pale mbele dada mmoja kutoka Nairobi na fidla yake. Bi harusi akaingia na Canon ya Pachelbel. Ilikuwa tamu, sikatai. Watu walilia, hata mimi kamera ilitikisika kidogo.

Sasa getini kulikuwa na wazee sita. Walitoka Msambweni na matatu, ngoma zimefungwa juu kwenye keria. Mmoja ni babu yetu, mdogo wake nyanya, mpiga nzumari. Ndiye aliyepiga sengenya siku mamake bi harusi anaolewa. Mpangaji wa harusi akawaambia wapige dakika kumi wageni wakishuka kwenye magari, halafu basi, maanake ndani kuna "mziki wa klasiki". Babu akajibu, "Haya, mwanangu." Akapiga dakika zake kumi, akaifunga nzumari kwenye leso, akakaa kwenye benchi la walinzi mpaka pilau ikamfikia hapo hapo.

Bi harusi hakumsikia. Wakati huo alikuwa bado chumbani anapambwa.

Dada wa fidla alilipwa elfu arubaini kwa saa moja. Wazee sita walipewa elfu sita, wagawane. Najua kwa sababu mimi ndiye niliyetumwa kuwapelekea.

Nikaanza kujiuliza: hiyo klasiki ni nini haswa, na ni nani aliyeamua?

Tuanze na hiyo Canon. Pachelbel alikufa mwaka 1706, na baada ya hapo wimbo wake ukasahauliwa muda mrefu sana, hata huko kwao. Kilichouamsha ni rekodi ya Mfaransa Jean-François Paillard ya mwaka 1968. Yaani kama wimbo wa harusi, hiyo Canon ni rika la mjomba wako.

Haya, ule mwingine wa bi harusi kuingia kanisani, ambao hata mtoto wa nasari anaujua? Umetoka kwenye opera ya Wagner inayoitwa Lohengrin, ya mwaka 1850. Na mkijua hadithi yake mtacheka. Usiku wa harusi bi harusi anauliza swali alilokatazwa asiulize, bwana anamuacha, na mwisho bi harusi anakufa. Hiyo ndiyo dua mnayomuombea dada yenu. Na ule wa kutoka nje, Mendelssohn aliutunga mwaka 1842 kwa ajili ya mchezo wa Shakespeare. Hizi mbili zilishika mtaani baada ya binti ya Malkia Victoria kuolewa London mwaka 1858. Binti ya mkubwa aliolewa nazo, watu wakaiga. Basi. Haikuteremka kutoka mbinguni.

Sisi je? Sultani Barghash, aliyetawala Zanzibar kuanzia 1870 hadi 1888, alileta wanamuziki kutoka Misri, akamtuma na mtu wake Kairo akajifunze kupiga kanuni. Ikhwani Safaa ilianzishwa mwaka 1905. Siti binti Saad alivuka bahari kwenda kurekodi Bombay mwaka 1928, miaka arubaini kabla Paillard hajagusa Canon. Hapa Mombasa tukapata Juma Bhalo, Zein l'Abidin, Zuhura Swaleh, Maulidi Juma. Mama zetu waliolewa na sauti hizo. Kina chombo cha kusomewa miaka, kina mashairi yenye mizani na vina, kina vikundi vyenye umri kuliko nchi yenyewe. Ikiwa hiyo si klasiki, basi neno hilo lina maana moja tu: "ya Mzungu."

Na jamani, fidla si adui. Fidla imo ndani ya taarab miaka na miaka, inakaa na udi na kanuni bila ugomvi. Kuna watoto wa Korogocho wanapiga Mozart kupitia Ghetto Classics, nawavulia kofia. Yule dada wa Nairobi alikuwa fundi, alistahili kila shilingi. Shida yangu si aliyekuwa ndani. Shida yangu ni aliyeachwa getini.

Sengenya yenyewe huwezi kuitafutia mwaka wa kuanzishwa, maanake ni kuukuu kuliko karatasi. Lakini kaa usikie vizuri. Kila ngoma ina kazi yake, upatu unashika mwendo, nzumari inaongoza juu kama imamu. Na mpiga nzumari hakati sauti ili avute pumzi. Anaweka hewa mashavuni, anaisukuma nje huku anavuta nyingine kwa pua. Babu anasema ilimchukua miaka kuipata. Huyo mtu mnamwita "wa kuchangamsha wageni"?

Mwaka 2008 UNESCO iliweka misitu ya kaya za Mijikenda kwenye orodha ya urithi wa dunia, na Kaya Kinondo, hapo hapo jirani na Diani, ni mojawapo. Mwaka 2009 mila za kaya zikawekwa kwenye orodha ya zinazohitaji kuokolewa haraka. Dunia imetuambia kwa maandishi kwamba mila zetu ziko mahututi. Sisi tunajibu kwa kuwapa wazee dakika kumi karibu na parking.

Najua mtakachosema. Nimeshasoma kwenye inboksi kabla hata sijaposti.

"Ni pesa zangu na harusi yangu." Sawa kabisa. Lakini wewe mwenyewe ndiwe uliyewaita wale wazee. Kama hukuwataka, ungewaacha walale makwao. Uliwataka wawe pambo, kama minazi. Mtu si mnazi.

"Mziki ni haramu." Ndugu yangu, kama msimamo wako ni huo nauheshimu, funga nikaha, kula pilau, nenda nyumbani. Lakini usiniambie nzumari ni haramu huku umelipia fidla na dijei mpaka saa nane usiku.

"Ngoma ni kelele, klasiki inatuliza." Mnazo spika za dijei zinazotingisha glasi za maji. Kelele haijawahi kuwa tatizo lenu. Na mkitaka utulivu, mpeni mpiga udi kiti kimoja na maikrofoni moja, muone kama kuna atakayekohoa.

"Wazee wanachelewa na hawana mkataba." Hii ndiyo hoja ya maana, na nitaijibu kwa heshima. Ni kweli, wanachelewa. Wanapigiwa simu jana yake, hawapewi nauli mpaka wafike, hawajui wataingia saa ngapi. Yule dada alipewa nusu ya pesa mwezi mzima kabla, akatumiwa ratiba, akawekewa chumba cha kubadilisha nguo. Mtendee babu hivyo mara moja tu, halafu uje uniambie kachelewa.

Na hapa ndipo kwenye jambo lenyewe. Babu ana mwanafunzi mmoja tu, kijana wa bodaboda. Anafunzwa jioni, akipata nafasi. Elfu moja kwa harusi haimtoi mtu kwenye pikipiki. Elfu kumi ingemtoa. Tukiendelea hivi, baada ya miaka kumi mtatafuta mpiga nzumari hata wa hapo getini na hayupo.

Mimi nani wa kusema? Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, ada ilikata. Nimezoea kuulizwa cheti kiko wapi. Ndiyo maana lile neno "klasiki" liliniuma. Najua vile inavyokuwa mtu kukutazama akaona huna karatasi, kwa hivyo huna ujuzi.

Halafu nikafanya vile vile.

Ile klipu ya magari yakiingia, mlioiona na kuipenda, haikuwa na piano. Piano niliipakua bure nikaibandika juu, maanake nzumari ilikuwa "inaharibu mudi". Wiki iliyofuata nilikwenda Msambweni. Babu alikuwa ameionyeshwa kwenye simu ya mjukuu. Hakukasirika. Aliniuliza tu, "Mwanangu, mbona mashavu yangu yanajaa na sauti haitoki?"

Sikuwa na jibu. Nilimuomba radhi, akanipa kahawa.

Kwa hivyo mimi nimeamua. Kuanzia sasa harusi nitakayopiga, kama kuna wapigaji wetu, sauti yao itabaki na majina yao yataandikwa, kama vile mnavyoandika jina la aliyeoka keki. Mteja asiyetaka, atafute mwingine, hatutagombana.

Na nyinyi mnaopanga harusi za Desemba, ombi langu ni dogo. Leteni fidla, leteni hata piano ikibebeka mchangani. Lakini bi harusi wa Kidigo anapotoka chumbani, hatua zake za kwanza azisikie kwa nzumari, mzee akiwa amesimama ndani, mbele, amelipwa nusu tangu mwezi uliopita. Canon ikae getini ipokee magari.

Dakika kumi tu. Tuone itajisikiaje.