Maji Hayakuua Injini. Uliiua Wewe na Ule Ufunguo

Wasee, leo nakuja na lawama, na wa kwanza kulaumiwa ni mimi mwenyewe.

Gari likizimika ndani ya maji, usipige stata. Usijaribu "mara moja tu". Usiwasikize watu wa kando ya mto. Toa mkono kwenye ufunguo. Hiyo ndiyo pointi yangu yote leo, na kama unataka kuacha kusoma hapa, sawa, tayari umeokoa injini moja. Lakini wale wabishi, na najua mko wengi, kaeni hapo niwaambie vile nililipia hii elimu.

Anko wangu huuza dawa za mifugo huko Kajiado. Hiyo si kazi ya kukaa dukani. Ng'ombe wakiugua, mteja hawezi kuwabeba awalete mjini, kwa hivyo yeye ndiye huenda. Ana Suzuki Jimny ya zamani, ya petroli, lita 1.3, na hupita mahali hata punda hufikiria mara mbili. Hiyo gari ndiyo miguu yake.

Msimu mmoja wa mvua nikamwambia, "Anko, naenda tu kupiga video kidogo, saa nane nitakuwa nimerudi." Akanipa ufunguo. Hakuniuliza hata swali moja, na hiyo ndiyo sehemu huniuma mpaka leo.

Kulikuwa na korongo limejaa maji ya rangi ya chai. Beshte yangu alishavuka kwa mti ulioanguka, yuko ng'ambo na kamera. Sikuingia kwa miguu kupima kina. Sikukata fimbo hata. Niliingia kwa kasi, kwa sababu maji yakiruka juu yanapendeza kwenye video. Wimbi likapanda bonet, injini ikakohoa mara mbili, ikazima. Niko katikati, maji yanaingia kwa mlango.

Sasa sikia: hapo, injini ilikuwa bado inaokoleka. Wakatokea watu, sijui walitoka wapi, kwaya nzima kando ya maji. "Jaribu tena, buda!" "Piga moja ndefu!" "Kanyaga mafuta ukipiga!" Kamera inarekodi, watu wanacheka, na mimi nikaona aibu. Nikapiga. Ikasema "tk", ikagoma. Nikapiga ya pili, ikazunguka kidogo, ikagoma. Ya tatu ikashika. Watu wakashangilia. Haikumaliza sekunde mbili. Nikasikia mlio kama nyundo imegonga reli, kisha kimya.

Ule mlio ulikuwa nini? Twende polepole, kwa sababu wengi wetu huendesha gari miaka na hatujui kinachoendelea mle ndani.

Injini huvuta hewa, pistoni inapanda, inaibana ile hewa. Hewa inabanika. Maji hayabaniki. Kwa injini ya lita 1.3 yenye silinda 4, kila silinda hubeba kama mililita 330, yaani soda ndogo na kidogo juu. Pistoni ikifika juu kabisa, nafasi inayobaki ni kama mililita 40. Hiyo ni vijiko vitatu vya mezani. Maji yakizidi hapo, pistoni haina pa kwenda. Kitu lazima kijikunje, na kinachojikunja ni konrodi, ule mkono wa chuma unaoshika pistoni na krenki.

Na hapa ndipo watu hudanganyika. Ukipiga stata na silinda imejaa, mara nyingi stata yenyewe hukosa nguvu, inagoma. Ile "tk" ya kwanza ilikuwa injini inaniambia niache. Shida inakuja pale silinda 3 ni kavu na moja ina maji. Zile kavu zikishika moto, injini inapata kasi, na hiyo kasi ndiyo inaenda kugonga maji ya silinda ya nne. Kwa hivyo ile dakika ulikuwa unashangilia kwamba imewaka, ndiyo dakika uliiua.

Dizeli usiseme. Inabana hewa karibu mara 18 na zaidi, nafasi inayobaki juu ya pistoni ni finyu kabisa ukilinganisha na ukubwa wa silinda. Tena haihitaji moto wa plagi, kwa hivyo hailowi ikazima mapema kama petroli. Inaendelea kuunguruma ndani ya mto hadi imeze maji yenyewe. Halafu kuna wale wa kusukuma gari liwake kwa gia, ama kulivuta kwa kamba huku umeachilia klachi. Hao ndio wabaya kuliko wote. Stata ina nguvu kidogo, inaweza kugoma ikakuokoa. Magurudumu yakizungusha injini kwa nguvu ya gari lingine linalovuta, hakuna cha kugoma.

Najua jibu lenu. "Yangu iliingia maji, nikapiga, ikawaka, mpaka leo natembea." Sawa, labda maji yako hayakufika kwenye silinda, plagi zilikuwa zimelowa tu. Ama labda konrodi imepinda kidogo na hujui. Konrodi iliyopinda haipigi simu. Inatembea na wewe, nguvu zimepungua kidogo, kuna kamlio fulani ukipanda mlima, unaongeza sauti ya redio. Siku moja iko mbio kwenye lami inakatika na kutoboa bloku. Ukinieleza hiyo siku kwamba ni injini mbovu, nitakuuliza kuhusu ule mto.

Sasa nionyeshe upande wa pili, kwa sababu sikuja kulia tu. Miezi kadhaa baadaye tulikuwa upande wa Suswa na jamaa yangu mwingine, ana Suzuki Escudo ya petroli, gia za mkono. Njia ikakatwa na maji, akaingia, ikazima vilevile. Nikaona mkono wake unaenda kwa ufunguo. Nilimpigia kelele mpaka akaniogopa. Tukatoka, tukatoa waya wa betri, gia ikawekwa fri, Land Cruiser iliyokuwa ikipita ikatuvuta hadi pakavu. Fundi akaja kwa boda na sanduku la spana. Mzee wa maneno machache. Swali lake la kwanza: "Mmepiga stata?"

"Hapana, mzee."

"Basi tuna kazi. Hatuna matanga."

Alianza na filta ya hewa. Ilikuwa imelowa kama mkate uliotoswa kwenye chai, kwa hivyo maji yalikuwa yamepita. Akavuta kijiti cha oili. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, imechanganyika na maji. Yetu ilianza kupauka kidogo. Akatoa plagi zote 4, akatoa na fyuzi ya pampu ya petroli na soketi za koili, ili kusiwe na mafuta wala moto. Halafu, na hapa ndipo nilijifunza subira, hakugusa stata. Alichukua spana, akashika nati ya puli ya krenki, akazungusha injini kwa mkono, mizunguko miwili kamili, akisikiliza kama kuna mahali inakwama. Haikukwama.

Hapo tu ndipo alirudisha betri. Akatuambia tusiiname juu ya injini, akapiga stata kidogo, sekunde chache. Tundu la pili likarusha maji juu kama soda iliyotikiswa. Akarudia hadi ikabaki kupumua hewa tu. Hayo maji yaliyotoka kwa tundu la plagi ndiyo yale yangekunja konrodi.

Akaweka oili kidogo ndani ya kila silinda, akakausha bomba la hewa na soketi. Akamwaga oili ya injini. Maji yalitoka kwanza, kwa sababu ni mazito kuliko oili na hulala chini. Filta mpya, oili mpya ya bei rahisi, plagi zikarudi. Ikawaka. Moshi mweupe wa mvuke, kisha ukakatika. Aliiacha ikiguruma dakika chache bila kuikanyaga, akazima, akamwaga ile oili tena ikiwa moto, akaweka nyingine. Akafungua na difu na gia boksi kuangalia oili, kwa sababu difu lenye joto likizama kwenye maji baridi huvuta maji ndani kupitia tundu lake la kupumulia. Hiyo watu wengi husahau, kisha difu linakufa baada ya miezi na hakuna anayekumbuka mto. Tulipofika Nairobi tukapima kompreshani. Silinda zote 4 ziko sawa.

Oili mara mbili, filta mbili, na jasho la mzee kuanzia mchana hadi jioni. Mimi kule Kajiado nililipa injini nzima. Tofauti kati ya hizo bili mbili ni mimi kupiga stata mara tatu.

Na msinielewe vibaya. Kutopiga stata si kulifunikia gari turubai wiki mbili ukitafuta pesa. Chuma kilicholowa huanza kushika kutu siku hiyohiyo. Kama ni maji ya chumvi, kule Pwani, hata usilale kabla halijafunguliwa. Kama ni dizeli, tafuta fundi wa kutoa nozo ama plagi za joto, usijifanye daktari.

Lakini hasira yangu kubwa si ya mafundi wala ya wale wa kando ya mto. Ni yetu sisi tunaotengeneza video. Tunaonyesha maji yakiruka, muziki juu, kisha tunakata. Hakuna anayeonyesha brekdauni ikivuta gari saa moja usiku. Hakuna anayeonyesha oili ya rangi ya maziwa. Kijana wa miaka 19 anaona hiyo video, anachukua gari la babake, anaingia. Tunamuuzia nusu ya hadithi, halafu tunamcheka ikimfika.

Na injini ndiyo hasara ndogo. Desemba 2021, basi liliingia mto Enziu kule Mwingi, Kitui, ukiwa umefurika, na watu zaidi ya 30 wakafa. Lilikuwa basi, kubwa na zito kuliko hizo gari zetu zote. Maji yanayotembea yakifika kama sentimita 60 tu yanaweza kubeba gari nyingi, hata hizo za magurudumu manne. Usiniambie una snokeli. Snokeli huinua mdomo wa injini, haiongezi uzito wa gari na haishiki chini. Land Rover Defender mpya, kampuni yenyewe inasema inavuka sentimita 90, lakini hakuna kampuni itakayokupimia korongo la Kajiado baada ya mvua ya usiku. Kama huwezi kuvuka kwa miguu, kwa nini unaenda kwa gari? Na likizima ukiwa ndani na maji yanapanda, sahau injini, sahau kila kitu nilichosema juu. Toa watu kwanza.

Mtasema sasa nimekuwa mwoga. Sawa, niiteni mwoga. Bado naenda porini, bado navuka. Ila siku hizi naingia kwanza kwa miguu na fimbo, kama maji yanaruhusu, na yakinifika magoti huku yanavuta, nageuza gari, kamera iwe imewashwa ama imezimwa.

Injini ya anko tulipata, ya kutoka Japani. Niliuza kamera na droni kuilipia, yaani niliuza vile vitu vilivyonipeleka kwenye yale maji. Ilichukua wiki 6 hadi gari lirudi barabarani. Nikampelekea ufunguo nikitarajia labda ataniambia asante, ama anitukane tuishe. Alilizunguka gari, akalisikiliza likiguruma, akatingisha kichwa.

"Gari umenirudishia," akasema. "Lakini kuna mzee kule ndani alinipigia simu ng'ombe wake wanaumwa, nikamwambia sina usafiri. Huyo nimwambie nini?"

Sikuwa na jibu. Ile video bado ninayo. Sijawahi kuiweka popote. Nikisikia mtu akisema "piga moja tu, itashika", huwa naifungua na kumwonyesha, bila muziki, hadi pale mwisho kwenye ule mlio.