Jirani ana umeme, kwako giza: usikimbilie waya

Ni jambo la kawaida mitaani Chato. Saa 1 usiku nyumba moja inazimika, ng'ambo ya barabara taa zinawaka na redio inasikika. Watoto wana kazi ya shule, samaki wako kwenye friji. Baba anabisha hodi kwa jirani, waya unavutwa juu ya ua, na saa 2 haijafika mwanga umerudi. Wengi hawajui kuwa hapo ndipo hatari huanzia.

Kwanza, kwa nini jirani anao na wewe huna? Transfoma ya mtaa hutoa njia tatu za umeme, ambazo mafundi huziita fezi, pamoja na waya wa nne uitwao nyutro. Nyumba nyingi za familia huungiwa umeme wa njia moja, yaani fezi moja na nyutro. Nyumba hugawanywa katika fezi hizo ili mzigo usielemee upande mmoja. Fezi moja ikikatika, nyumba zake huzimika na nyingine huendelea kuwaka. Mashine ya kusaga au karasha la wachimbaji hutumia njia zote tatu. Fezi moja ikipotea, mota huunguruma bila kuzunguka, na isipozimwa haraka huungua.

Kati ya fezi yoyote na nyutro kuna volti 230. Kati ya fezi moja na nyingine kuna volti 400. Hazijumlishwi zikawa 460 kwa sababu fezi hazifiki kilele pamoja. Hupokezana, kama wanawake watatu wanaotwanga kinu kimoja.

Basi waya wa jirani aliye kwenye fezi nyingine ukiunganishwa kwenye nyaya za nyumba, halafu umeme ukarudi, fezi mbili hukutana kwa volti 400. Matokeo ni mlipuko wa cheche, na moto unaweza kufuata. Hata kabla haujarudi, umeme wa jirani unaweza kupita nyumbani kwako hadi nguzoni, anakofanya kazi fundi wa TANESCO akidhani waya umekufa. Naye ana watoto wanaomsubiri.

Ipo dalili nyingine, hasa kwenye majengo ya kupangisha yenye njia tatu: chumba kimoja taa zinang'aa kupita kiasi, kingine zimefifia. Mara nyingi nyutro imelegea au imekatika. Chumba chenye vyombo vichache kinaweza kupokea volti zaidi ya 300, na televisheni haistahimili. Zima meni swichi mara moja, kisha toa taarifa TANESCO.

Wazazi wengi huamini kuwa breka itamwokoa mtoto. Breka ya ampea 10 hulinda waya usiungue. Mtoto akigusa waya wa volti 230, mwilini mwake hupita umeme mdogo kuliko ampea 1. Breka haitajua lolote, na umeme huo unatosha kuua. Kinachoweza kumwokoa ni swichi maalumu inayokata umeme unapovuja kiasi cha miliampea 30, pamoja na waya wa ethi uliofungwa vizuri ardhini. Swichi hiyo ina kitufe kidogo cha kujaribia. Kibonyezwe kila mwezi. Isipokata, iitwe fundi.

Siku ya utulivu, mzazi afanye haya:

Aoneshe kila mkubwa wa nyumba, dada wa kazi akiwemo, meni swichi iko wapi na huzimwaje. Njia ya kuifikia isizibwe na magunia.

Aandike kwenye kila breka inahudumia chumba gani.

Amwite fundi mwenye leseni ya EWURA. Bei ya kishoka ni ndogo siku ya kulipa tu.

Na mtoto akinaswa na umeme, asishikwe. Zima meni swichi kwanza. Ikishindikana, simama pakavu umsukume kwa mti mkavu au plastiki, kisha apelekwe hospitali hata kama anaonekana mzima.

Giza la usiku mmoja linavumilika. Kazi ya shule itamalizwa asubuhi, na samaki wanaweza kukaangwa usiku huohuo.