Gemu inavyomsoma anayeicheza: kesi ya Fortnite

Unapocheza gemu ya simu huku intaneti imewashwa, gemu nayo inakutazama. Walioitengeneza wanaweza kujua umefika hatua gani, umeshindwa mara ngapi, umebonyeza wapi na umeacha saa ngapi.

Hilo peke yake si baya. Wachezaji wengi wakikwama mahali pamoja na kukata tamaa, mtengenezaji anaelewa kwamba amepafanya pagumu mno, anaparekebisha. Lakini takwimu hizohizo zinaweza kuulizwa swali jingine: mtu huyu atalipa upesi akifanyiwa nini?

Fortnite, gemu ya kampuni ya Marekani ya Epic Games, huchezwa bure. Pesa hutoka kwenye mavazi na mapambo ambayo wachezaji hununua humo ndani. Desemba 2022, Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani, FTC, ilitangaza kuwa Epic imekubali kulipa dola milioni 520. Kati ya hizo, milioni 275 zilikuwa faini ya kukusanya taarifa za watoto wa chini ya miaka 13 bila idhini ya wazazi. Milioni 245 zilikuwa za kurudishiwa wateja, na hapo ndipo penye funzo kwetu.

Kwa mujibu wa FTC, vitufe vilipangwa kiasi kwamba mtu aliyetaka kutazama vazi tu, au kuamsha gemu iliyolala, alijikuta amekatwa pesa kwa mbonyezo mmoja. Waliopinga makato hayo kupitia kampuni za kadi zao walifungiwa akaunti. Zito zaidi, tume ilisema Epic ilifanya majaribio ya ndani, kisha ikaficha kwa makusudi sehemu ya kufuta ununuzi na kudai pesa. Yaani ilijua vidole vya watu huenda wapi, ikaiweka mahali visipofika.

Wengi wetu hatuna kadi ya benki kwenye simu. Hata hivyo, kwenye baadhi ya mitandao, muda wa maongezi au pesa za simu huweza kuunganishwa na duka la programu. Simu ikiwa ya Android, fungua Play Store, ingia kwenye mipangilio, uweke sharti la kuthibitisha kila ununuzi. Fanya hivyo kabla mtoto hajaishika simu, na neno la siri asilijue.