Mkeka si mshahara

Mwandishi anayedai kubeti ni kazi tulivu, mradi mtu asiwe na tamaa, aje Goba Njia Nne jioni. Atawakuta bodaboda wameinamia simu. Mkeka wa mechi 10 umechanwa na moja, dakika ya 90. Tupige hesabu: hata kila mechi ikiwa na nafasi ya asilimia 70, zote 10 zitatiki kwenye mikeka kama 3 tu kati ya 100. Mcheza poka angalau anapambana na wenzake, meza ikikata chake. Huku kwenye kubeti unapambana na mpanga odi, aliyejiwekea faida humohumo. Kuridhika anakokuhubiri mwandishi huyo sikukatai. Ila mbona anayeambiwa aridhike ni mwenye elfu mbili ya mafuta, si mwenye kampuni ya kubeti?