Sijahama, mkoa ndio umenihama!

Hebu tuulizane: ukiambiwa utaje mkoa uliozaliwa, unataja upi?

Msinicheke. Mimi nimezaliwa Masumbwe, enzi hizo wilaya ya Bukombe, mkoa wa Shinyanga. Machi 2012 Shinyanga ikamegwa. Bariadi, Maswa na Meatu zikaenda mkoa mpya wa Simiyu. Bukombe yetu ikapelekwa Geita, mkoa mwingine mpya, na Masumbwe ikaangukia wilaya mpya ya Mbogwe. Hiyo Geita nayo iliokotezwa huku na kule: Geita yenyewe ilitoka Mwanza, Chato ikatoka Kagera.

Sasa cheti changu kinasema Shinyanga, lakini nyumba ya bibi, na mwembe wake ule ule, iko Geita. Majuzi karani wa ofisi moja kanitolea macho: "Kijana, mbona mikoa miwili? Wewe mgeni nini?"

Jamani! Kwetu Kanda ya Ziwa neno hilo si utani. Linaweza kukukosesha kitambulisho hivi hivi.

Wenzetu Ufaransa wao waliunganisha. Mwaka 2016 Languedoc-Roussillon na Midi-Pyrénées, kule kusini, zilifanywa mkoa mmoja, sasa unaitwa Occitanie. Ramani ikabadilika, waliozaliwa huko wakabaki wale wale.

Ushauri wangu: jaza kama cheti kinavyosema, pembeni andika "sasa Geita". Na nyie makarani, someni mwaka wa cheti kwanza, ndipo mtukague sura.

Tukutane wiki ijayo!