Miaka mitatu ya uzoefu, kijana aitoe wapi?

Tangazo la kazi ni lile lile: anatakiwa mhandisi wa programu, kazi ya kuanzia, awe na uzoefu wa miaka mitatu. Kijana aliyefuzu mwaka jana anasoma, anacheka kidogo, kisha anazima simu. Miaka mitatu aitoe wapi?

Tuseme wazi: kwa vijana wengine miaka hiyo ipo, ila haijaandikwa kwenye wasifukazi. Yuko yule aliyenunua laptopu kuukuu pale Luthuli, Windows ikailemea, akaifuta na kuweka Linux. Wiki ya kwanza Wi-Fi haishiki. Ya pili sauti imepotea. Anatafuta, anasoma, anaharibu, anarudia. Bila kumlipa mtu karo amejifunza faili hukaa wapi, nani ana ruhusa ya kuzigusa, na programu ikikwama uanzie wapi kuichunguza. Huo ni uzoefu, jamani.

Na si mchezo wa pembeni. Linus Torvalds alipotangaza Linux mnamo 1991 alikuwa mwanafunzi wa miaka 21 jijini Helsinki, na mwenyewe aliiona kama uraibu tu. Leo simu za Android zinaendeshwa juu ya kiini cha Linux, seva nyingi za intaneti vilevile, na tangu Novemba 2017 kila mashine kwenye orodha ya TOP500, ile ya supakompyuta 500 zenye kasi zaidi duniani, inatumia Linux. Amri ulizozoea kwenye laptopu ya Luthuli utazikuta huko pia.

Jambo la pili ni kugawia prosesa nyingi kazi moja. Zamani programu iliyojikokota ilisubiri tu mashine mpya yenye kasi. Katikati ya miaka ya 2000 mbio hizo zikagonga ukuta: prosesa ikikimbizwa zaidi inachemka. Watengenezaji wakaanza kuweka kori mbili, nne, nane ndani ya chipu moja. Lakini programu iliyoandikwa kwa ajili ya kori moja hutumia moja tu, nyingine zinakaa bure kama makanga watatu kwenye matatu moja.

Kugawa kazi ndiko kugumu. Chukua akaunti ya chama yenye Sh1,000. Nyuzi mbili za programu zinaisoma kwa wakati mmoja, kila moja inaona Sh1,000, kila moja inaidhinisha Sh800. Zimetoka Sh1,600 na hakuna aliyeiba. Hitilafu hiyo hujitokeza leo, kesho ukiijaribu haipo. Aliyewahi kukesha akiiwinda anajua kwa nini kufuli huwekwa, na kwa nini kufuli zikiwekwa ovyo kila uzi unamsubiri mwenzake mpaka asubuhi.

Gene Amdahl naye alionyesha mwaka 1967 kwamba asilimia 10 ya kazi isipogawika, hata uwe na prosesa elfu moja hutapita kasi ya mara 10. Wapika chapati wanalijua hili: wasukumaji wakiwa sita na kikaango ni kimoja, mtakula saa ile ile.

Wapo watakaosema kampuni za Nairobi zinajenga app na tovuti, supakompyuta ni za nini? Nusu ni kweli. Lakini mfumo wa malipo unaopokea maombi ya maelfu ya watu mwisho wa mwezi ni ile akaunti ya chama, ila kubwa zaidi.

Kwa hivyo waajiri, wekeni karatasi kando kwa nusu saa. Mpeni kijana mashine ya Linux iliyoharibiwa makusudi na programu ya nyuzi mbili inayokosea hesabu, mwone anavyoanza.

Vyuo nanyi: mwaka 1994, katika kituo cha NASA cha Goddard, Thomas Sterling na Donald Becker waliunganisha tarakilishi 16 za kawaida kwa nyaya za mtandao, wakaweka Linux, wakapata mashine ya hesabu nzito kwa bei nafuu. Waliiita Beowulf. Maabara ya tarakilishi 16 inayofungwa Ijumaa jioni hadi Jumatatu ina kila kitu isipokuwa ufunguo.

Nawe kijana, usiandike tu "najua Linux". Andika ulichovunja na ulivyokirekebisha. Andika programu yako ilichukua dakika ngapi kwenye kori moja, ngapi kwenye nne, na kwa nini haikuwa robo kamili.